Mzee mwenye shida ya macho akianza kuona watu na vitu ambavyo havipo: cha kufanya hatua kwa hatua

Kama nyumbani kuna mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu, iwe ni presha ya macho, mtoto wa jicho, kisukari kilichoharibu retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) au ule uchakavu wa uzeeni unaokula sehemu ya katikati ya retina, alafu siku moja akakwambia kuna watoto wamesimama pale kwenye kona, au ukuta umejaa maua, au kuna mtu mfupi mwenye kofia anapita pita mlangoni, tafadhali usikimbilie kusema mzee amechanganyikiwa. Usimcheke na usimkaripie. Na usianze kupigia ndugu simu huku yeye anasikia.

Na kama wewe mwenyewe ndo unaona hivyo vitu na umekaa kimya miezi yote hii kwa sababu unaogopa watasema umerukwa na akili, huu mwongozo ni wako pia. Inawezekana kabisa akili yako ni nzima na ni macho tu. Kuna hali inajulikana, ina jina, na wanayo watu wengi sana ila hawasemi, na hilo la kutosema ndo linaniuma zaidi kwa sababu mara nyingi mtu anateswa na hofu kuliko hata na zile picha zenyewe.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kinachotokea

Usiruke hapa, maana usipoelewa hii hutaweza kumweleza mzee akaelewa na akatulia.

Kuona hakuishii kwenye jicho. Jicho linapokea mwanga linautuma kama ishara, alafu kazi yenyewe ya kuona inafanyika kwenye ubongo, sanasana kule nyuma kwenye kisogo. Sasa jicho likiharibika likawa linaleta ishara kidogo tu au haileti kabisa, zile seli za ubongo hazikai zimelala zinasubiri, zinaanza kuchangamka zenyewe na kutengeneza picha wakati mbele ya jicho hakuna kitu. Ni kama mtu aliyekatwa mguu anavyoendelea kuusikia unawasha wakati haupo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka Marekani ambapo watu 13 wenye macho mazima kabisa walifungwa vitambaa machoni siku 5 mfululizo, na 10 kati yao wakaanza kuona vitu, wengi baada ya siku moja au mbili tu. Watu wazima wa afya, hawana ugonjwa wowote. Kwa hiyo ubongo ukinyimwa cha kuona unajitengenezea, ndo ulivyo. Na kabla ya hapo, 1998, watafiti wa London walikuwa wamewapima kwa MRI, mashine inayopiga picha ya ubongo, watu wenye hali hii wakati picha zinawatokea, wakakuta mtu akiona sura basi ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na sura ndo inachangamka, akiona rangi inachangamka ya rangi. Yaani mzee akisema "nimeona" ni kweli ameona, hatungi.

Hali yenyewe inaitwa sindromu ya Charles Bonnet. Huyu alikuwa msomi wa Geneva, Uswisi, na mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 ambaye macho yalikuwa yameharibika kwa mtoto wa jicho, akawa anaona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi, majengo, na wakati huohuo anajua fika kwamba havipo na akili yake iko sawa. Karibu miaka 200 baadaye daktari wa hukohuko Geneva, Georges de Morsier, ndo akaipa hali hii jina la Bonnet. Na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, limeiweka kwenye magonjwa ya kuona, sio ya akili. Hilo mwambie mzee kabisa, lina uzito.

Ni wangapi wanapata? Tafiti zinatofautiana, nyingi zinaangukia kati ya asilimia 10 na 40 ya watu wenye upungufu mkubwa wa kuona. Sababu moja namba zinacheza hivyo ni kwamba watu wanaficha, inategemea nani kauliza na kauliza vipi.

Hatua ya 2: Muulize, na muulize vizuri

Usisubiri aseme mwenyewe. Wengi hawatasema. Wengine wanaogopa watapelekwa wasikotaka, wengine wanaogopa wajukuu watawakimbia, wengine wameshajiaminisha kwamba ni mizimu au majini wanawasumbua na hilo nalo wanaona aibu kulitamka.

Ukiuliza "unaona vitu vya ajabu?" atakataa. Anza kwa kumwonyesha kwamba ni jambo la kawaida. Sema hivi: "Mama, nimesoma kwamba watu ambao macho yamepungua huwa wanaona picha za vitu ambavyo havipo, watu au maua au wanyama, na sio ugonjwa wa akili, ni macho tu. Wewe imewahi kukutokea?" Alafu nyamaza. Mwache aende taratibu. Wakati mwingine atakataa leo, kesho au wiki ijayo anakuja mwenyewe kukwambia. Chagua taimu mko wawili, sio mbele ya watoto na wageni, maana hata kama familia yenu inapendana vipi mtu mzima hapendi jambo kama hili lijadiliwe hadharani.

Akishaanza kusema, usimkatize kwa "lakini hakuna kitu pale baba". Anajua au anashuku kwamba hakuna. Mwambie unamwamini kwamba ameona. Muulize anajisikiaje akiona, maana wapo wanaoogopa sana na wapo ambao hawajali, na wapo kwa kweli wanaofurahia, maua mazuri yanakuja wanayaangalia yanaondoka.

Wanachoona kinatofautiana sana ila kuna vitu vinajirudia rudia kwa watu wengi. Kuna michoro tu, kama matofali, wavu, miraba, rangi zinazong'aa, nukta zinazocheza. Alafu kuna picha kamili: watu wadogo sana kimo cha mtoto mdogo au hata chini ya hapo, mara nyingi wamevaa mavazi ya kizamani au kofia, sura zisizo na mwili zenye macho makubwa na meno ya kutisha, wanyama, ndege, miti, magari, majengo, mandhari nzima imefunika chumba. Na kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba picha hizi zinakuwa kali, kila ushonaji wa nguo unaonekana, wakati mtu huyohuyo hawezi kuisoma saa iliyoko ukutani. Hiyo pekee inaweza kumsaidia mzee kujua: kama macho yako yanaona ukungu, alafu kitu kimoja kinaonekana safi kupita vyote, hicho kishuku.

Hatua ya 3: Andika

Chukua daftari au simu, kwa wiki moja hivi uandike. Saa ngapi imetokea, alikuwa wapi, mwanga ulikuwaje, alikuwa anafanya nini, picha ilikaa muda gani (sekunde, dakika, saa), ilikuwa ya nini, na alifanya nini ikaondoka. Andika pia kama kulikuwa na sauti, harufu, au alihisi kuguswa. Na kama kuna dawa mpya ameanza au dozi imebadilishwa, andika tarehe. Usiifanye ionekane kama uchunguzi wa polisi, muulize jioni mkiwa mmekaa tu.

Daftari hili litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, na litawasaidia nyie kwa sababu baada ya siku chache mtaanza kuona mtindo, kwa wengi picha zinakuja jioni, kwenye mwanga hafifu, mtu akiwa amekaa kimya peke yake hana la kufanya.

Hatua ya 4: Tenganisha na mambo mengine, hapa usifanye mchezo

Nimesema usikimbilie kusema amechanganyikiwa. Lakini pia usikimbilie kusema "aah ni ile ya Bonnet nimeisoma mtandaoni" ukakaa. Kuna mambo mengine yanamfanya mzee aone vitu, na mengine yanaua.

Hali ya Bonnet kwa kawaida iko hivi: macho yamepungua kweli, sanasana yote mawili. Picha ni za kuonekana tu, hazina sauti, hazinuki, hazimgusi. Wale watu kwenye picha mara nyingi ni wageni hawajui, hawamsemeshi wala hawana habari naye. Na mzee akielezwa anaelewa kwamba si vya kweli, hata kama mwanzoni alidanganyika akainuka kumkaribisha mgeni, akishafikiri kidogo anajua. Mambo mengine yote yako sawa, anakumbuka, anapanga maneno, anajua leo ni siku gani kama alivyokuwa anajua zamani.

Sasa angalia haya.

Kama ameanza ghafla, ndani ya masaa au siku mbili tatu, na sio kuona vitu tu bali anachanganya watu, analala mchana kutwa kisha usiku anahangaika, mara yuko sawa mara hayuko, ana homa, anakojoa kwa maumivu au mkojo umebadilika, anakohoa, hajanywa maji ya kutosha, choo kigumu siku nyingi, au ndo ametoka kwenye operesheni, hiyo ni hali ya kuchanganyikiwa kwa ghafla inayoletwa na ugonjwa mwilini, UTI na nimonia zikiwemo. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Wazee wanaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote, kwa hiyo usisubiri mwili uwe wa moto.

Kama mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki vizuri, au nusu ya alichokuwa anaona imepotea ghafla, hicho kinaweza kuwa kiharusi, dakika zinahesabika, nenda saa hiyohiyo. Na kama anachoona ni mwanga unaomulika mulika pembeni ya jicho, vidoti vyeusi vingi vinavyoelea ambavyo havikuwepo, au kama pazia jeusi linashuka upande mmoja, hiyo ni retina inaweza kuwa inabanduka, na hapo ni daktari wa macho siku hiyo, kwa sababu ikiwahiwa jicho linaweza kuokolewa.

Kama mambo yanaenda polepole, anaona watu au wanyama lakini pia anasahau, umakini wake unapanda na kushuka, anatembea kwa kuburuza, mikono inatetemeka au imekakamaa, usingizini anapiga mateke na kupiga kelele, na anaamini kabisa kwamba wale watu wapo na labda wanamwibia, waza ugonjwa wa Parkinson au aina ya dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) inayoitwa ya miili ya Lewy. Hii ni muhimu kuijua mapema kwa sababu kuna dawa za kutuliza za magonjwa ya akili, haloperidoli kwa mfano, ambazo mtu mwenye dimensia hii akipewa anaweza kudhurika vibaya sana. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, macho mabovu na dimensia, hapo daktari ndo atapambanua, sio sisi.

Dawa nazo. Dawa kali za maumivu, za usingizi, zile za mafua na aleji za zamani zinazolaza, za kibofu, za Parkinson yenyewe, hata matone ya macho, kuna watu wameripotiwa kuanza kuona picha baada ya kutumia matone ya brimonidini ya presha ya macho na zikaisha yalipoachwa. Lakini tafadhali usimwachishe mzee matone ya presha ya macho kwa uamuzi wako, atapoteza hata kile kidogo kilichobaki. Peleka swali kwa daktari. Pia mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akiacha ghafla anaweza kuona vitu, akatetemeka na kutoka jasho, na hiyo nayo ni dharura.

Mwisho kuna suala la aliyefiwa. Mjane au mgane akimwona marehemu amekaa kwenye kiti chake, hasa miezi ya mwanzo, hiyo hutokea kwa watu wengi wenye huzuni na macho yao mazima. Hapo anachohitaji zaidi ni mtu wa kukaa naye.

Hatua ya 5: Hospitali, na uende na nini

Anza na daktari wa macho. Sababu ya kwanza ni kwamba inawezekana kuna kitu kinatibika. Mtoto wa jicho akitolewa kuna watu picha zinakwisha kabisa. Miwani ikibadilishwa, kisukari cha kwenye macho kikitibiwa, kila mwanga unaoongezeka unaofika kwenye ubongo unasaidia. Alafu daktari wa kawaida ampime mwili: mkojo, damu, sukari, presha, aangalie dawa zote. Beba dawa zote kwenye mfuko, pamoja na za asili na zile alizonunua mwenyewe dukani bila kuandikiwa, zote, usichuje.

Hakuna kipimo kimoja cha kusema hii ni Bonnet. Inapatikana kwa kusikiliza maelezo na kuondoa mengine yote.

Na nikwambie ukweli, unaweza kukutana na mhudumu wa afya ambaye hajawahi kuisikia hali hii. Hilo lipo dunia nzima, Uingereza ilibidi mwaka 2015 Judith Potts aanzishe kampeni ya Esme's Umbrella, kwa jina la mama yake Esme aliyekuwa na hali hii, sanasana kwa sababu familia zilikuwa hazielezwi chochote. Kwa hiyo sema kwa adabu lakini wazi: "Daktari, mzee ana shida ya macho, anaona picha zisizo na sauti na anajua hazipo, tunaomba uangalie kama ni sindromu ya Charles Bonnet." Toa daftari lako. Na mzee aongee mwenyewe, wewe jazia tu pale anapokwama.

Kuhusu dawa za kuondoa picha: hakuna dawa maalum ya hali hii. Kuna zilizojaribiwa kwa mtu mmoja mmoja, za kifafa, za sonona, za dimensia, wengine zimewasaidia wengine hazikusaidia, na zote zina madhara yake kwa mzee, kizunguzungu, kuanguka, usingizi. Kwa wengi maelezo mazuri yanatosha. Dawa iwe ni kwa yule anayeteseka kweli, mbinu zote zimeshindwa, na daktari anayejua anamfuatilia. Mzee ambaye anaona maua na hasumbuki hahitaji kidonge, huo ndo msimamo wangu.

Hatua ya 6: Picha ikija, afanye nini palepale

Hizi ni mbinu, sio tiba, na mbinu inayomfaa huyu haimfai yule, kwa hiyo ajaribu moja moja aone. Afanye akiwa amekaa au ameshika kitu imara.

Ya kwanza na ninayoipenda ni ya macho. Bila kugeuza kichwa, apeleke macho kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama kuna nukta mbili ukutani zimeachana mita 1 hivi na yeye yuko mita 1 na nusu kutoka hapo, kila sekunde mara moja, kwa sekunde 15 hadi 30. Hata kama haoni nukta zenyewe haijalishi, kinachotakiwa ni macho kutembea. Ikikataa apumzike sekunde chache arudie. Akijaribu mara 4 au 5 haijaondoka aachane nayo ajaribu nyingine, asijichoshe.

Kupepesa macho haraka haraka, au kufumba kabisa kisha kufumbua. Kwa wengi kufumba tu kunatosha kuikata.

Kubadilisha mwanga: kama kuna giza washa taa, kama taa inawaka izime. Wengine wanashika tochi chini ya kidevu inamulika kwenda juu mbele ya uso, sio kuichoma machoni. Kubadilisha alichokuwa anafanya pia kunasaidia, aliyekaa asimame, aliyenyamaza afungue redio au aanze kuongea, aende chumba kingine.

Kunyoosha mkono kuigusa. Mkono unapita, picha inapotea au angalau inakosa nguvu ya kutisha. Wengine wanaikodolea macho moja kwa moja bila kuondoa mpaka inafifia. Kwa zile sura za kutisha wapo wanaozisemesha, "najua wewe ni macho yangu tu, haya nenda", na kama inamsaidia mwache aseme, asidhaniwe anaongea na shetani.

Swali linalosumbua sana ni: nitajuaje huyu ni mtu wa kweli au picha? Wekeaneni utaratibu nyumbani kwamba kila anayeingia anataja jina lake kwa sauti. "Ni mimi fulani, nimeingia." Mgeni pia aelezwe. Basi mzee anajua, aliye kimya mda wote hajibu hata akisalimiwa huenda ni picha. Hii ni ndogo lakini inarudisha amani kuliko unavyofikiri, na kama mzee anaishi peke yake inamlinda pia, maana usije ukamzoesha kudharau kila anachokiona kumbe siku hiyo kuna mtu kweli kaingia ndani. Akiwa na shaka asalimie kwa sauti na apige simu.

Hatua ya 7: Punguza vinavyozileta

Mwanga kwanza. Balbu zenye nguvu zaidi sebuleni, koridoni na chooni, taa ya karibu anapokaa jioni. Sio kwa ajili ya picha tu, ni kwa ajili ya kuanguka pia, kwa sababu mtu anaweza kuona shimo sakafuni akalikwepa akaanguka, au kuona ukuta au gari mbele yake akasimama ghafla katikati ya njia. Ondoa vikapeti vinavyoteleza, waya na stuli njiani, vitu viwe sehemu zilezile kila siku ili mkono na mguu vimwambie ukweli pale macho yanapomdanganya. Na kwenye ngazi ashike chuma cha pembeni kila mara, awe anaona picha au haoni.

Usingizi na uchovu. Siku aliyolala vibaya au ana stresi picha zinaongezeka. Maji anywe ya kutosha, wazee hawasikii kiu.

Alafu upweke. Hii naomba familia mniskilize vizuri. Mtu ambaye haoni vizuri hawezi kusoma, hawezi kuangalia video, marafiki wamepungua, anakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka usiku na ubongo wake hauna cha kufanya, hapo picha lazima zije. Wakati wa korona 2020 watu walipofungiwa ndani, watafiti Uingereza waliwahoji wenye hali hii na zaidi ya nusu walisema picha zimeongezeka au zimekuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mpe kazi, mpe mazungumzo. Redio, vitabu vya kusikiliza, kuchambua kitu cha kushika kwa mikono, kutembea na mtu, kupigiwa simu saa fulani kila siku. Mpangieni zamu. Dakika 20 za mazungumzo jioni, ile saa ambayo daftari linaonyesha picha huja, zina kazi kubwa.

Na vifaa vya kuona, lenzi ya kukuza, miwani inayofaa, simu yenye maandishi makubwa au inayosoma kwa sauti. Kama kuna kliniki ya watu wenye uoni hafifu mnayoweza kuifikia, mpelekeni, wanafundisha mengi kuliko kutoa miwani.

Hatua ya 8: Lugha ya nyumbani

Kuna makosa mawili na yote yanatokana na upendo. La kwanza ni kubishana, "hakuna kitu bwana, acha hizo". Anabaki peke yake na ile picha. La pili ni kujifanya na wewe unaona, "eeh nawaona, wazuri kweli". Usifanye hivyo kwa mtu mwenye akili timamu, unamharibia kile kitu pekee kinachomtuliza, yaani kujua kwamba havipo. Sema la katikati na ni la kweli: "Mimi siwaoni baba, ila najua unawaona, ni ubongo unatengeneza picha. Unataka tuwashe taa?"

Waelezeni watoto kwa lugha yao, kwamba macho ya bibi yanamchorea picha, wasimcheke na wasiogope. Na kama mzee mwenyewe anapenda kuyaongelea na kuyafurahia, sikiliza. Wapo wanaoanza kuwasimulia wajukuu kilichopita leo mlangoni, na hofu inaisha yenyewe.

Itaisha lini? Zamani ilikuwa inasemwa mwaka mmoja au mmoja na nusu basi. Kuna wanaopona hivyo kweli, ila utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 kwa watu karibu 500 ulionyesha wengi sana wanakuwa nazo miaka 2 au zaidi, na karibu theluthi moja zilikuwa zinawaathiri vibaya. Usimwahidi mzee tarehe. Mwambie kwa wengi zinapungua ukali na kuja mara chache kadiri muda unavyokwenda, na hata zikibaki mtu anazizoea. Kama anakosa usingizi kwa hofu, amekataa kutoka chumbani, amekata tamaa au anaongea habari za kutaka kufa, hiyo haisubiri izoeleke, rudi kwa daktari na useme hivyohivyo.

Na daftari msilitupe. Siku picha zikianza kuongea, zikawa na harufu au zikamgusa, siku mzee akianza kuziamini na kuzitii, akaanza kusahau au kutembea tofauti, au macho yakashuka ghafla kuliko yalivyokuwa, mambo yamebadilika, rudini hospitali na hilo daftari hata kama mwaka jana mliambiwa ni macho tu.